Tembo wa Tarangire Hawana Rangi ya Chungwa

Siku hizi kila picha ni kali. Mtu katupia pundamilia watatu wametupa migongo kama abiria walioachwa na daladala, jua la saa saba limewaunguza mpaka mistari imefifia, lakini utasikia: "Noma sana kaka!" "Mkali wao!" "Hatari!" Na vimoto juu yake, mstari mzima. Hatari ya nini sasa? Ukisonya unaambiwa una roho mbaya. Ukinyamaza, kesho anatupia wengine, nao wamegeuka vilevile.

Mimi nasema hizo sifa za bure ndizo zinazotuua. Arusha hii madereva wa utalii wenye kamera ni wengi. Kuna aliyeachiwa na mgeni, kuna aliyejibana na hela za tipu mpaka akapata kamera iliyotumika na lenzi yake ndefu. Mtu huyu anaingia Tarangire, Ngorongoro na Serengeti mwaka mzima. Anajua tembo wanashuka mtoni saa ngapi, anajua simba wanajibanza wapi mvua ikinyesha. Mzungu anakuja wiki moja, anaondoka na picha ya kutundikwa ukutani. Sisi tunaoshinda humo humo, zetu zinafia kwenye status. Vifaa si hoja. Tumekosa watu wa kutuchana.

Juzi hapa kijiweni Kaloleni chalii mmoja aliipata bahati hiyo, ingawa alikuja akitegemea makofi. Kafungua laptopu juu ya ndoo iliyopinduliwa: kundi la tembo linatembea kuelekea kulia, kwenye mto, mbuyu mkubwa umesimama kushoto, jua linazama, anga lote chungwa. Akakunja mikono akasubiri.

Aliyeanza ni mzee muuza kahawa, na yeye kamera hajawahi kuishika. Aliinama, akatazama weee, akauliza:

"Hawa umewapiga Tsavo?"

"Hapana mzee, Tarangire."

"Mbona wekundu?"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko, chalii akabaki kumeza mate. Lakini mzee hakuwa anatania. Tembo wa Tsavo kule Kenya wanaonekana wekundu kwa sababu udongo wao ni mwekundu na wanajimwagia wenyewe. Wa Tarangire ni kijivu. Chalii alikuwa kasukuma kitufe cha rangi mpaka mwisho ili machweo yaonekane, kumbe kitufe kile hakichagui: kinapaka anga, kinapaka na tembo. Mzee hajui programu ya kuhariri ya Lightroom ni mnyama gani, ila kosa kaliona kabla kashata haijaisha mdomoni, kwa sababu tembo amewaona.

Akasogea dada mmoja mwongoza watalii, mtu asiyejua kubembeleza.

"Ulipiga mwezi gani?"

"Septemba, dada."

"Septemba majani mabichi hivi? Kamwagilia nani?"

Hapo nikasonya mimi mwenyewe. Kati ya Julai na Oktoba tembo wanajazana Tarangire kwa sababu kwingine kumekauka na mto ndio wenye maji. Ukavu ndiyo habari yenyewe! Ukiyatia majani kijani, umefuta sababu ya tembo kuwa pale, sasa tubaki tukijiuliza wanakwenda mtoni kufanya nini na malisho ni mabichi namna hiyo. Watu wengi wanahariri ili mahali papendeze. Hawajiulizi palikuwa na jambo gani mpaka wakainua kamera.

Likaja suala la vumbi, na hili ndilo lililoniuma kuliko yote. Tembo wakitembea jioni wanatimua vumbi, na vumbi likipigwa na jua kutoka nyuma linang'aa. Tembo wa mbele wanaonekana wazito, wa kati wamefifia, wa nyuma kabisa wamebaki vivuli. Jicho la binadamu linapima umbali kwa njia hiyo. Cha mbali hupauka, ndiyo maana hata milima ya mbali tunaiona ya samawati. Sasa chalii wetu aliona vumbi ni uchafu. Kwenye programu kuna kitufe cha kuondoa ukungu, akakibana. Vumbi likaondoka, umbali nao ukaondoka. Tembo wa mbele na wa nyuma wakawa wazito sawasawa, wote kwenye ukuta mmoja. Halafu kwa kuzidisha ukali, mbuyu ukazungukwa na ukanda mweupe ambao hakuna jua lililowahi kuuleta duniani.

Akaanza kujitetea. "Nyie hamjui nilivyosubiri pale. Mbung'o wananing'ata, mgeni kanuna anataka kurudi loji..."

"Jasho lako halimo kwenye picha, dogo," fundi wa studio ya picha za paspoti akamkata. "Lete orijino."

Huyu fundi ana maneno, na mengine nitakayoyasema hapo mbele hayatampendeza, ila hapa alisema kweli. Anayetazama picha hakung'atwa na mbung'o. Mpiga picha ndiye mtu mbaya kuliko wote wa kuihukumu picha yake, maana akiitazama anakumbuka siku nzima, na sisi tunaona mstatili tu.

Bahati nzuri faili la RAW, lile ghafi la kamera, alikuwa nalo. Wanaopiga JPEG peke yake wajue wanachopoteza: JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, RAW ya biti 14 ina 16,384. Chalii alikuwa kaihariri JPEG, akaibana na kuibana, ndiyo sababu anga lake lilikatika mistari mistari. Faili lilikuwa limeishiwa, yeye bado anadai.

Fundi akahamishia laptopu ndani ya kibanda, maana ukihariri juani unaongeza mwangaza wa skrini, unaona picha inatosha, ukienda kuichapisha inatoka giza. Akaifungua orijino. Watu kimya. Ilikuwa nzuri kuliko ile tuliyoletewa! Imefifia kidogo, imelalia upande, ina madoa madogo ya uchafu wa sensa angani, lakini vumbi lipo, kijivu kipo, majani makavu yapo. Na kulia kabisa, ng'ambo ya mto, kuna gari la watalii, dogo, paa limeinuliwa.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Upeo ukanyooshwa. Anga la juu ambalo halikuwa na hata wingu likapunguzwa, na tembo wa mwisho, ambaye chalii alikuwa kamkata mkia kwa pupa, akarudishiwa mkia wake. Rangi ya mwanga ikawekwa kwenye kelvini 5,500, ile ya mchana, machweo yakabaki na uvuguvugu wake bila kuombwa. Kivuli cha tembo wa mbele kikainuliwa kiduchu, jicho lake likaonekana. Ardhi ya chini kabisa ikatiwa giza kidogo ili macho yasikae pale. Madoa ya sensa yakasafishwa. Basi.

Kuna jamaa pembeni akaguna kwamba zamani hakukuwa na mambo haya, picha ilikuwa picha. Aah wapi! Ansel Adams, Mmarekani aliyepiga milima na mabonde mpaka akawa mwalimu wa watu, alikuwa anashinda kwenye chumba cha giza akiangaza hapa na kufifisha pale kwa mikono. Ile picha yake ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, ya mwaka 1941, aliichapisha upya kwa miaka mingi, na anga likazidi kuwa jeusi kadiri miaka ilivyokwenda. Hakuna aliyemwita mwongo. Mwezi ulikuwepo, kijiji kilikuwepo, misalaba ya makaburini ilikuwepo.

Sasa fundi akaona nafasi ya biashara.

"Nipe nusu saa nikuwekee Kilimanjaro pale nyuma. Utauza hiyo mpaka Dubai."

Kweli akafungua picha ya mlima kwenye simu. Dada akaitupia jicho mara moja tu.

"Kilele cha Mawenzi kiko upande gani hapo?"

"Kushoto."

"Basi hiyo imepigwa upande wa Amboseli, Kenya. Ukiwa Moshi, Mawenzi iko kulia. Na tembo jua linawatoka nyuma, mlima wako jua linaupiga usoni. Una majua mawili, fundi?"

Kutoka Tarangire mpaka kwenye mlima ni zaidi ya kilomita 150, lakini fundi angeuweka unene wa ghorofa nyuma ya mbuyu. Na asijione wa kwanza. Mwaka 1982 jarida la National Geographic, kubwa lote lile, lilisogeza piramidi za Giza kwa kompyuta ili zienee kwenye jalada la Februari, na aibu ile inasimuliwa mpaka leo. Sweden kulikuwa na mpiga picha aliyetajwa kuwa bora wa mwaka 2010 kwa picha za mazingira. Mwaka uliofuata ikajulikana kwamba alikuwa anabandika wanyama kwenye mandhari. Alishtukiwa na nani? Na mtu anayejua wanyama: linksi, yule paka mkubwa wa misitu ya kaskazini, alionekana kwenye picha ya Julai akiwa na manyoya ya baridi. Majani mabichi ya Septemba hayohayo, kwa Kiswidi.

Chalii, ambaye sasa alikuwa ameanza kupata nguvu, akauliza swali la maana. Mbona picha nyeusi na nyeupe zinashinda, na dunia haiko hivyo? Akataja simba wa kundi la Vumbi, wale wa Serengeti. Picha ile aliipiga Michael Nichols: majike watano na watoto wao wamejilaza juu ya jiwe, uwanda nyuma, mawingu juu. Ilipigwa kwa mwanga wa infraredi, ikatolewa bila rangi, na mwaka 2014 ikachukua taji kuu la Wildlife Photographer of the Year, shindano la makumbusho ya Natural History ya London. Swali zuri. Lakini pale hakuna simba aliyehamishwa. Rangi imeondolewa na kila mtu anaona imeondolewa. Hakuna anayedanganywa kwamba Serengeti haina rangi. Shindano hilohilo linaruhusu kukata, kuangaza, kutia giza na kusafisha uchafu wa sensa, halafu linadai RAW ilinganishwe. Kuongeza mnyama au kufuta kitu, hapana.

Kuna jambo jingine kwenye picha ya Nichols ambalo vijana wetu hawataki kulisikia: simba hawajajaza fremu. Wamepewa jiwe, uwanda na mbingu, ndipo ukaona ni wenyeji wa pale. Sisi lenzi ikiwa ndefu tunataka kuhesabu kope.

Likabaki gari. Lo! Gari lile lilikula kahawa yetu yote. Fundi anataka kulifuta kwa akili mnemba, sekunde mbili limeyeyuka. Mwingine akasema likatwe tu, kukata si dhambi. Lakini tembo wanaelekea kulia, na mnyama anayetembea lazima umpe pa kuendea. Ukikata gari, yule wa mbele anagonga kichwa kwenye ukingo wa picha. Mzee muuza kahawa akatia petroli: "Na kukata si uongo? Siku hiyo yalikuwepo magari mangapi, chalii?" Yalikuwa mengi. Kijiwe kikagawanyika.

Mimi simo kwa mzee kwenye hilo la kukata. Kila picha ina kingo, na mpiga picha amekwisha kukata dunia kwa kuchagua tu pa kusimamisha gari. Nje ya kingo hakutuahidi kitu. Ndani ya kingo ndiko alikoapa. Kwa hiyo kufuta kwa akili mnemba, hapana, tena si kwa sababu ya mashindano ya London. Mtalii atakuja Septemba akitafuta mto usio na magari, atamlaumu nani? Dereva.

Dada alisema gari liachwe, nami nilimuunga mkono. Lilivyo dogo pale ng'ambo ya mto, ndilo linalokuonyesha ukubwa wa mbuyu, na ndilo linaloonyesha tembo wanatembea mbele ya nani. Chalii alitikisa kichwa, akasonya, akasema hakuna atakayenunua picha yenye Land Cruiser. Labda. Lakini aliihifadhi hivyo, na ile ya chungwa akaifuta mbele yetu.

Nawe msomaji mwenye kamera, ukiniletea picha usiniulize kama imependeza, maana nitakujibu kwa adabu na adabu haitakusaidia. Niulize jicho langu limekwenda wapi kwanza, na nini kinanikera. Kisha nyamaza nikuchane. Njoo na RAW. Na ukiituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti; ukiituma kama picha inabanwa, tutakaa hapa mpaka Isha tukibishana juu ya ukungu ambao wewe hukuutia.