Namna ya Kuketi na Wajenzi wa Treni Ndogo wa Kibuta

Kwanza ujue unakokwenda. Kibuta ni kata ya Kisarawe, na mtu wa huku akitaka kujenga treni ndogo hakosi ya kuiga. TAZARA, reli ya kwenda Zambia, inapita Mzenga, wilayani humo humo. Reli ya Kati, ile ya Mjerumani, na SGR, ile mpya ya umeme, zinapita Soga, upande wa Kibaha. Reli tatu, kila moja na upana wake. Ni neema hiyo, na ndiyo sababu huku hakuna treni ya mtu iliyowahi kumalizika.

Nenda baada ya alasiri, muuza kahawa akishaweka birika chini. Utakuta watu wazima wanne watano wameinamia kipande cha plaiwudi kilicholazwa juu ya makreti ya soda. Amkia kwa umri: mstaafu wa reli mpe “Shikamoo mjomba”, fundi redio anatoshwa na “Mambo vipi kaka”. Ubao usiuguse. Usiseme “vya kuchezea”, hata kama kilicho mbele yako ni kopo la samaki lenye magurudumu ya ndala. Na zaidi ya yote, usiulize kama inatembea. Swali hilo limevunja urafiki wa watu waliotahiriwa pamoja.

Swali la adabu ni “Umefikia wapi?” Jibu lake ni moja: “Niko kwenye mataruma.” Yaani vile vipande vinavyolazwa chini ya reli. Kila mtu yuko kwenye mataruma. Hata aliyeanza juzi yuko kwenye mataruma, na wewe ukiulizwa, ndiko uliko.

Basi ujue na namna ya kuyatengeneza, maana utapewa kazi. Chukua njiti za kiberiti, zikate vichwa, zipunguze zote ziwe sawa, kisha zilaze usiku kucha ndani ya chai ya rangi iliyobaki. Asubuhi zinatoka na rangi ya mbao iliyopigwa jua miaka mingi. Zianike juu ya gazeti, zigeuze zisipinde, ndipo uzipange moja moja kwa kibano cha nyusi, tone la gundi kila ncha. Kazi nzuri sana, ya macho na ya roho. Ukishabandika ya mwisho, mjomba atavaa miwani, atatazama, atakuuliza: “Mataruma ya TAZARA ni ya zege. Ya SGR ni ya zege. Reli ya Kati mengi ni ya chuma. Hizi mbao umeziona wapi?” Usihamaki. Jibu: “Mjomba, hapa ni darajani.” Daraja likikosekana ubaoni, sema linakuja.

Sasa tufike kwenye upana, ambako maongezi yenyewe yapo. Reli ya Kati ni milimita 1,000, TAZARA 1,067, SGR 1,435. Yakariri hayo kama namba ya simu ya mama mkwe. Wenzetu wa ng'ambo wana kipimo wanachokipenda, cha kugawanya kila kitu kwa 87, ambacho kinaipa SGR milimita 16.5 ubaoni. Hapo hakuna ugomvi. Ugomvi unaanza pale TAZARA na Reli ya Kati zinapowekwa pamoja, kwa sababu zile milimita 67 zinazozitenganisha, ukizigawa kwa 87, hazifiki hata milimita moja: ni unene wa kadi ya benki. Mwenye haraka atasema unene wa kadi hauna maana, tumia njia moja kwa zote mbili. Mnyamazie, mjomba anamtosha. Atamkumbusha Kidatu, ambako reli hizo mbili zinakutana na hazishikani mikono, mzigo ukashushwa kwenye behewa la upana mmoja na kupakiwa kwenye la upana mwingine. Kama kadi ya benki haina maana, kile kituo cha Kidatu kinafanya nini? Mjadala huu hukoma adhana ya magharibi ikilia, na kesho yake huendelea palepale.

Kuna takwimu chache za kutupia ili uonekane mwenyeji. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Yaani alikuwapo aliyewahi kumaliza, lakini alikuwa Mjerumani na alikuwa na serikali nyuma yake. Mjengaji wa ubaoni ana mke na posho ya mboga. TAZARA ina kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi. Ukitaka kuijenga yote kwa kipimo cha 87 utahitaji kilomita 21 na ushee, na shamba la mihogo la jirani halitoshi, nimeshawasikia wakilipima kwa macho.

Wa SGR ndio wenye maringo tangu treni zianze kubeba abiria mwaka 2024. Wamehamia kwenye mchongoko, ile treni ya SGR yenye pua iliyochongoka. Pua yake huchongwa kwenye sponji ya ndala, ikapigwa msasa mpaka ing'ae. Kile kidude cha juu kinachogusa waya wa umeme hutengenezwa kwa vibanio vya nywele, na ndiyo maana wake wa wajenzi hawa husukwa tu, vibanio havikai nyumbani. Usijitie kushangilia kasi. Kilomita 160 kwa saa ukizigawa kwa 87 unapata sentimita 51 kwa sekunde, mwendo wa bibi harusi anayetolewa nje. Mwenye mchongoko hapendi kusikia hilo, ingawa hesabu alipiga mwenyewe.

Wakikuambia nyumbani kwamba unapoteza muda, mtaje Rod Stewart, yule mwimbaji wa Uingereza, aliyejenga mji wake mdogo wa reli kwa zaidi ya miaka 20 ndipo akauonyesha watu mwaka 2019. Mtaje haraka na uondoke, kabla hujaulizwa yeye anaingiza kiasi gani kwa mwezi.

Limebaki suala la nguvu. Mota hutolewa kwenye deki mbovu, na fundi redio anazo za kutosha, atakupa moja bure ili akutawale mwaka mzima. Wa umeme na wa dizeli hapo hutaniana: wa dizeli husema yake haiogopi umeme kukatika, wa umeme huuliza kwani betri za tochi ni dizeli ya wapi. Cheka na wote. Lakini ikifika jioni mtu akaanza kukutazama mifukoni, ujue treni inataka kujaribiwa na betri zake zimekwisha. Sema zako zimo kwenye tochi, na tochi umemwazima shemeji yako wa Maneromango.