Rasimu na Namna ya Kuinenepesha

Rasimu ni andiko la chuo kabla halijaoga. Taaluma inayoishughulikia ina bingwa mmoja tu hadi leo, naye ndiye mwenye mhadhara huu. Msingi wake ni mwepesi: mhadhiri aliyeomba kurasa kumi anataka kurasa kumi. Alichotaka kiwemo ndani yake ni siri yake.

Kazi huanza usiku wa kuamkia siku ya kukusanya. Wapo wanaoshauri kuanza wiki mbili kabla, lakini hao hawajui woga unavyoongeza kasi ya vidole. Hadi saa sita usiku mwanafunzi makini huwa bado yuko kwenye jalada: nembo ya chuo, jina la kozi kwa herufi nene, na majina kumi ya wanakikundi, wanane kati yao wakiwa ni watu watakaoiona kazi hiyo siku ikirudishwa.

Utangulizi hauna ubunifu, wala hauutaki. Sentensi ya kwanza hutangaza kuwa kazi ina sehemu kuu tatu, yaani utangulizi, kiini na hitimisho, isije ikadhaniwa imeanzia katikati. Kisha huja fasili. Dhana yoyote, hata "mtoto", sharti ifasiliwe na wataalamu wasiopungua watatu. Wa kwanza huwa TUKI (1981), taasisi iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo katika insha za chuo huishi kama mzee mmoja mwenye busara: "TUKI anasema". Kila fasili husifiwa kuwa ina mashiko, papo hapo ikalaumiwa kuwa ina upungufu, ndipo mwandishi atoe ya kwake, ambayo ni ile ya TUKI iliyobadilishwa maneno mawili. Ukurasa wa tatu umekwisha na swali halijaguswa. Huo ndio usomi.

Kiini hutoka kwenye desa la mwaka jana au intaneti. Hapa bingwa hulazimika kukemea. Aya iliyonakiliwa huja na maneno ya buluu yaliyopigiwa mstari na tarakimu ndogo kwenye mabano, na wengi huziacha zilivyo, wakadhani mhadhiri ataziona ni mapambo.

Unenepeshaji ndio kilele cha fani. Herufi za Times New Roman, ambazo gazeti la The Times la London lilianza kuzitumia mwaka 1932, zilichorwa ili maneno mengi yaenee kwenye safu nyembamba za gazeti. Mwanafunzi amezirithi kwa haja iliyo kinyume kabisa, na kazi huanzia hapo: nafasi kati ya mistari hupandishwa kutoka 1.5 hadi 1.6, pambizo husogezwa kidogo, na nukta hupewa ukubwa wa 14 huku herufi zikibaki 12. Ukurasa mzima huzaliwa bila wazo hata moja kusumbuliwa.

Hitimisho ni utangulizi uliotiwa "kwa hiyo". Marejeo hayana haja ya kusomwa na yeyote, aliyeyaandika akiwamo.

Baada ya hapo hubaki steshenari. Foleni ni ndefu, flashi imebeba virusi kutoka kompyuta ya jirani, na ndani yake mna mafaili manne: RASIMU, RASIMU MPYA, RASIMU YA MWISHO na RASIMU YA MWISHO KABISA. Kwa kawaida huchapwa la pili.