Misuli Yangu, Mtaji wa Watu

Ukitaka kujua nani ana bidhaa ya kuuza hapa Lindi mjini, chechemea. Chechemea kidogo tu kutoka Uwanja wa Ilulu kuelekea sokoni, utafuatwa na unga wa mlonge, asali ya nyuki wadogo, mafuta ya mnyonyo, vidonge vya kitunguu swaumu, na kijana mmoja aliyevaa tai saa sita mchana katika joto hili. Huyo anakuita "bosi" na anakuomba dakika tano, ambazo hazijawahi kuwa tano.

Chanzo cha kuchechemea kwangu ni klabu ya jogging ya ofisini. Mwishoni mwa 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi, kupambana na kisukari na presha. Wazo zuri, sina ugomvi nalo. Wenzangu ofisini ndio walioliharibu. Tuna fulana, tuna nyimbo, tuna kiongozi mwenye filimbi ambaye haishiwi pumzi hata siku moja, maana muda wote yuko juu ya pikipiki. Tunapanda Mtanda, tunashuka Mtanda. Kupanda kunakuhemesha tu. Kushuka ndiko kunakokumaliza: kwenye mteremko msuli wa paja unajikaza kuuzuia mwili huku unavutwa, na nyuzi zake zinachanikachanika. Jumamosi hiyo husikii kitu, unajiona kijana. Jumapili unaanza kushika kuta. Jumatatu ndiyo yenyewe, na choo chetu ni cha kuchuchumaa.

Kijana wa tai anasema maumivu hayo ni sumu. Eti asidi ya laktiki imeganda misulini na kopo lake la unga litaifukuza. Asidi hiyo huisha ndani ya saa moja hivi ukishapumzika, kabla hata fulana haijakauka jasho. Kinachouma Jumatatu ni msuli unaojikarabati. Maumivu hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua yenyewe. Hapo ndipo ulipo ujanja wa biashara. Kopo linaletwa Jumatatu, unaanza kulinywa Jumanne, Alhamisi unatembea vizuri. Nani anapewa sifa? Ningekunywa maji ya kisima ningepona Alhamisi hiyo hiyo, ila kisima hakinipigii simu usiku kuuliza, "Bosi, matokeo unayaonaje?"

Nililigeuza lile kopo nisome. Protini, magnesiamu, na ufuta. Ufuta! Unaniletea ufuta Lindi? Mkoa ambao msimu ukifika maghala ya vyama vya ushirika yanajaa ufuta mpaka mlangoni, unapigwa mnada, unapakiwa kwenye malori, unapanda meli. Korosho nazo nyingi huondoka na maganda yake kwenda India na Vietnam. Halafu tunarudishiwa vijiko viwili vya unga ndani ya kopo lenye picha ya mzungu asiye na shati, kwa bei ambayo ningenunua korosho za kutafuna mpaka uchaguzi ujao.

Afadhali pweza. Muuza supu wetu anatandaza meza jioni, anakata mnyiri vipande vidogo, anachota mchuzi kwenye kikombe, anakamua ndimu, anatia pilipili bila kuuliza. "Kunywa, kaka," ananiambia huku akikonyeza, "shemeji atanishukuru." Ndugu yangu, mimi naumwa mapaja! Nimweleze kwa lugha gani? Benchi zima linacheka. Pweza ana protini tele na mafuta kidogo, na msuli unaojikarabati unahitaji protini. Mchuzi wake unarudisha maji na chumvi iliyotoka kwa jasho. Hayo yananitosha. Mengine ni ya benchi.

Tangawizi nayo siidharau. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yao: waliwapa watu gramu 2 kila siku kwa siku 11, wakawachosha mikono kwa mazoezi, na maumivu yakapungua kwa robo hivi. Robo, jamani. Mama watoto alipoisikia habari hiyo akaitia tangawizi mpaka kwenye maharage.

"Lakini hii ni ya asili, bosi, haina madhara," anasisitiza kijana wa tai. Utupa nao ni wa asili, muulize samaki. Muhogo mchungu ni wa asili pia, na bibi zetu wa pwani hii hawaupiki kabla ya kuulowesha na kuuanika, maana wanawapenda wajukuu wao.

Juzi kwenye basi nilikaa na bi mkubwa mmoja wa Kilwa Kivinje, mchokoa pweza. Maji ya bamvua yakitoka anashinda mwambani ameinama, kisha anarudi na ndoo kichwani. Baada ya shikamoo nikamsimulia mbio zetu, kisha nikamuuliza anatumia nini misuli isimuume. "Nitumie nini, baba? Nakula muhogo wangu na samaki, nalala." Akaniangalia miguu. "Na wewe ulikuwa unakimbia, unafukuzwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Yeye haumwi kwa sababu msuli uliozoea kazi hauchaniki ovyo. Sisi tunakimbia mara moja kwa mwezi, kwa hiyo msuli unasahau, na kila mwezi tunaanza upya na kununua upya.

Basi mkojo ukikutoka wa kahawia baada ya mazoezi, achana na makopo, nenda hospitali haraka. Hilo si la utani. Kwa maumivu mengine haya, kula ushibe, lala, ngoja Alhamisi. Na mwenyekiti wa klabu, nakuomba mbele ya wasomaji: ama tukimbie mara tatu kwa wiki, taratibu, kwenye barabara ya tambarare, ama tuvunje klabu tugawane fulana. Na mwenye filimbi ashuke kwenye pikipiki.