Kuhamisha Bethlehemu hadi Mutwanga kwa Mega Mia Mbili

Ukitaka kuwaaminisha watu kwamba hadithi ya Yesu ilianzia kwetu, kwanza tafuta watu waliosimama bila haraka. Butembo hao hawakosekani. Nenda mtaa wa Furu, kwenye parlement debout, kile kijiwe cha mijadala ya barabarani, alasiri mawingu yanapoanza kukusanyika (sababu ya saa hiyo utaiona mbele). Utakuta siasa ya Kinshasa na bei ya kahawa vimekwisha kuchambuliwa, na wasikilizaji bado wana kiu. Usianze na Yesu. Anza na sauti ya chini: “Kuna kitu mapadri hawawezi kuwaambia.” Halafu nyamaza, geuka nyuma kidogo kama mtu anayefuatwa. Mji uliowahi kushikilia kwamba Ebola ni biashara hautakushinda kwa jambo la miaka elfu mbili.

Vifaa si vingi: simu yenye mega mia mbili, maneno mawili matatu ya Kimisri, na ile barua ya Leopold. Barua usiisahau. Ndiyo ile inayodai kwamba Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliwaagiza wamisionari waitumie Injili kutulegeza ili tusiulizie mali zetu. Nakala moja itakuambia ni ya mfalme, 1883. Nyingine itakuambia ni ya waziri Jules Renkin, 1920. Usizitie mfuko mmoja. Mwaka 1883 Mkutano wa Berlin ulikuwa haujafanyika, na kufikia 1920 Renkin alikuwa ameshaiacha wizara ya makoloni tangu 1918. Aliyeighushi alikuwa na hasira ya haki na kalenda mbovu. Na hasira yenyewe wala haikuhitaji barua: mikono iliyokatwa kwa ajili ya mpira ina picha.

Barua imetayarisha udongo; sasa panda mlima. Ukiwa Beni kazi ni nusu, maana asubuhi isiyo na ukungu unanyosha kidole tu na Ruwenzori iko pale na theluji yake. Waambie mwanajiografia Ptolemy aliandika katika karne ya 2 kwamba Nile inatoka kwenye Milima ya Mwezi. Waambie Semliki inatoka Ziwa Edward pale Ishango, inapita chini ya Ruwenzori, inaingia Ziwa Albert, na maji yake yanafika Misri. Hadi hapo umesema kweli tupu, kwa hiyo fanya haraka kabla hujazoea. Ongeza kwamba Wamisri wenyewe, katika papirasi ya Hunefer, waliandika kuwa asili yao ni chini ya Mlima wa Mwezi. Papirasi ipo, inatunzwa British Museum. Sentensi ndiyo haipo. Lakini nani wa Furu atapanda ndege kwenda London kuitafuta? Ukiulizwa ni chini ya mlima upande gani, jibu Mutwanga. Hali ya usalama huko tunaijua. Hakuna atakayeomba kupelekwa kuhakiki.

Kutoka Misri hadi Bethlehemu njia imeshafyekwa. Mshairi Mwingereza aliyejisomesha mwenyewe, Gerald Massey, alimfananisha Horus, mungu wa Wamisri, na Yesu katika kitabu chake cha 1907, na filamu ya Zeitgeist ya 2007 ikaongeza chumvi: Horus amezaliwa na bikira tarehe 25 Desemba, ana wanafunzi kumi na wawili, amesulubiwa, amefufuka siku ya tatu. Orodha hii itaje mbio, kama muuza nguo aliyemwona askari. Ukipunguza mwendo, mtu atauliza bikira alipataje mimba. Wamisri walisimulia kwamba Isis, mama wa Horus, alimkusanya mumewe Osiris aliyeuawa na kukatwa vipande, akapata mimba kwa maiti yake. Plutarch anasema vipande vilikuwa 14, na kimoja, kile hasa kilichohitajika, kililiwa na samaki. Hadithi hiyo usiithubutu mbele ya akina mama wanaouza samaki wa Kyavinyonge. Na tarehe 25 Desemba haimo katika Injili yoyote kati ya zile nne, kwa hiyo utakuwa umewashtaki wainjilisti kwa kuiba kitu ambacho hakijaonekana nyumbani kwao.

Filamu hiyo pia inaegemea bahati ya Kiingereza, ambamo “mwana” na “jua” hutamkwa sawa. Basi Mwana wa Mungu akawa Jua la Mungu. Kiyunani cha Agano Jipya hakina mchezo huo, wala Kifaransa, wala Kinande. Usikate tamaa. Kiswahili chetu nacho kina jua la mbinguni na jua la kujua. Sema polepole, “Jua ni jua,” kisha waache watikise vichwa. Mimi mwenyewe sielewi maana yake, lakini nimeona inafanya kazi.

Kisha toa mfupa. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua pale Ishango, katika teritwari ya Beni, mfupa mdogo uliochanjwa alama, wenye umri wa miaka kama 20,000. Uko Brussels mpaka leo, na hilo peke yake litakupatia makofi. Safu zake mbili zina alama 60 kila moja. Safu ya tatu inaanza na 3, yaani Utatu Mtakatifu, na inaishia na 5 na 7, ambazo jumla ni 12, yaani mitume. Katikati kuna 6, 4, 8, 10 na 5 nyingine. Hizo ni mambo ya ndani ya mfupa, ziache.

Lugha ni rahisi zaidi, maana neno halina mlinzi. Nyamuhanga, Mungu Muumba kwa Wanande, amebeba “hanga” tumboni. Igeuze kidogo upate ankh, alama ya uhai ya mafarao. Yira, jina lao jingine, liweke jirani na Israeli na ufunike silabi ya mwisho kwa kidole gumba. Hizi mbili nimezitunga jana usiku nikingojea umeme, na umeme ulirudi kabla sijatunga ya tatu.

Mtaguso wa Nisea upite kama gari lisilo na breki: mwaka 325 Kaisari Konstantino alifunga mlango, akaanzisha dini. Kwamba maaskofu waliitwa kwa sababu ya ugomvi wa Arius, padri wa Aleksandria, na kwamba barua za Paulo zilikuwa zimeshasomwa makanisani kama miaka 270, nyamaza nayo.

Padri usimwogope, atacheka, aende zake. Wa kuogopwa ni katekista mzee aliyeegemea fimbo, asiyepandisha sauti.

“Mwanangu, mapadri waliofika kwetu 1929 walijiita nani?”

“Waasumpsioni, Mzee.”

“Jina lote.”

“Waagustino wa Asumpsio.”

“Na Agustino ni mtu wa wapi?”

Hapo umekwisha. Alizaliwa Tagaste mwaka 354, akawa askofu wa Hippo, mji unaoitwa leo Annaba, Algeria. “Kumbe Wazungu walipanda meli,” atasema mzee, “kuja kutuletea Mwafrika.” Watu watacheka, na hawatakuwa wanacheka pamoja nawe. Mzee hataishia hapo. Atamtaja Athanasius wa Aleksandria. Atamtaja Mfalme Ezana wa Aksum, aliyetia msalaba kwenye sarafu zake katika karne ya 4, wakati Ubelgiji haina hata mfalme wa kughushiwa barua. Mmoja mmoja wasikilizaji watasogea upande wake, na wewe utabaki na mfupa wako.

Usibishane. Tia simu mfukoni, tazama vilima, sema, “Mvua inakuja,” uondoke. Butembo hilo halina mpinzani, hata linapowaka jua. Na jua ni jua.