Kogo Apelekwa Makumbusho

Makumbusho ya serikali nayaheshimu, lakini hayana vituko. Ya watu binafsi na ya vijiji ndiyo yenye raha, kwa sababu nyuma yake huwa kuna mtu mwenye kiherehere cha kuokota vitu, na kiherehere huambukiza. Yale ya Kitale yalianza hivyo mwaka 1926: Luteni Kanali Stoneham, mzungu mstaafu wa jeshi, alikusanya wadudu, vitabu na chochote kilichompendeza. Baba mdogo aliposikia habari hiyo redioni, akatangaza mezani kwamba sisi watu wa Londiani tumekaa gizani, na kwamba Jumamosi familia ingepelekwa kuona historia.

Mtu mwingine angetupeleka Kitale kwenyewe, au Kisumu. Yeye akachagua kisiwa cha Mfangano, ndani kabisa ya Ziwa Victoria, kwenye Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba, ambayo wenyeji waliyaanzisha ili mila na lugha ya Wasuba visimezwe vyote na Kijaluo. Sababu aliyoitoa ni elimu. Sababu ya kweli ni kwamba Kogo, mama yake mzazi, alikuwa akiulizia ngege, samaki wa ziwani, tangu Krismasi, na ngege anayefika Londiani huwa amesafiri mno.

Sasa, Londiani iko kwenye mita kama 2,300 juu ya bahari. Saa kumi na moja asubuhi, mvua ikinyunya, hakuna mtu mwenye akili anayetoka nyumbani bila sweta. Mimi nilivaa mbili. Mama mdogo alijifunga blanketi. Baba mdogo alivaa koti lake la mnada wa ng'ombe, kofia ya sufu na gamboti. Mpaka Kericho tulikuwa watu wa heshima. Ahero tukawa viazi vilivyochemshwa na maganda yake. Dirisha la matatu lilikuwa limekataa kufunguka tangu lilipotoka kiwandani, na Baba mdogo, aliyebanwa kati ya mama mwenye kuku na kijana mwenye spika ya muziki, akaamua kuvua koti. Mkono wa kwanza ulitoka salama. Wa pili ulimtoa mama kilemba. Kuku akaona huo ndio wakati wake, akaruka hadi mapajani mwa dereva, na kuanzia Katito hadi Kendu Bay tukaambiwa na kila abiria, mmoja baada ya mwingine, kwamba watu wa milimani hatujui kusafiri.

Mbita mambo yakachacha. Mwenye boti alitaja nauli, Baba mdogo akamwambia apunguze. Kwa nini? Kwa sababu maji haya ni yetu. Akaanza kufafanua, kidole kikionyesha mashariki: mto Kipchorian unatoka misitu ya Londiani, unaingia Nyando, Nyando inamwaga ziwani. "Boti yako inaelea juu ya mvua yangu," akasema. Mwenye boti akamjibu kwamba anayetaka kupanda juu ya mvua yake bila nauli anaruhusiwa kutembea juu yake.

Wakati wanaume wakibishana, Kogo alikuwa amekwisha kuvua viatu, ameingia majini hadi kwenye vifundo, na anazungumza na mama mmoja aliyekuwa akigeuza omena kwenye nyavu. Anazungumza Kijaluo. Hakikuwa cha kuombea maji tu. Kilikuwa cha kuteta na kucheka. Yule mama akamwita mwenye boti, ambaye kumbe ni mwanawe, akamwambia maneno mawili, nauli ikashuka palepale.

Nyumbani jinsi Kogo alivyokijua Kijaluo hutajwa kwa uchache. Kogo ni wa ukoo wa Talai. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalumu ya kuwaondoa Talai katika nchi ya Wakipsigis, kwa kuwa orkoiyot wao, kiongozi wa kiroho, alisikilizwa kuliko machifu waliowekwa na Mzungu. Wazee, wake zao na watoto wakapelekwa Gwassi, kando ya ziwa, penye mbung'o na malaria, na wengi hawakurudi hadi miaka ya 1960 ilipoanza. Kogo alizaliwa huko, na huko ndiko alikokula samaki kabla hajaijua mursik, maziwa yetu ya kibuyuni. Boti ilipoondoka, sisi wengine tukang'ang'ania mbao kama tumeibiwa, Baba mdogo akiwa na jaketi la kuokoa maisha lililogoma kufungika juu ya koti, naye Kogo akakaa mbele kabisa, akanyoosha mkono kusini kwenye vilima vya Gwassi. "Pale," akasema. Nikangoja aendelee kuhusu mateso. Akasema, "Pale ndipo mamba alipomla mbuzi wa kaka yangu, na kaka akachapwa."

Makumbusho yenyewe yako mahali patulivu, jirani na maji. Kijana aliyetupokea alikuwa na subira ya mwalimu wa chekechea. Tatizo lilikuwa kwamba kila alichotuonyesha, sisi tunacho nyumbani na tunakitumia. Jiwe la kusagia: Mama mdogo akasema lake ni laini zaidi. Kigoda: Baba mdogo akakikagua miguu na kutaja bei. Mitego ya samaki tu ndiyo iliyotunyamazisha, na hapo Kogo akachukua nafasi ya kijana na kueleza mtego gani wa kina kifupi na upi wa mtoni.

Ili afungue mikono ya kueleza, aliweka sotet yake juu ya meza. Sotet ni kibuyu cha maziwa, na hii ilikuwa imejaa mursik tangu Jumatano, kwa maana Kogo hasafiri bila chakula anachokiamini. Ni nyeusi kwa moshi, shingo imevishwa ngozi na shanga chache zilizobaki. Tulipokuwa nje tukitazama mtumbwi, likaingia kundi la wanafunzi. Tuliporudi, mwalimu wao alikuwa amesimama mbele ya sotet, fimbo mkononi.

"Chombo hiki," alikuwa akisema, "kilitumiwa na mababu kuhifadhia dawa za vita."

Kalamu arobaini zikaandika. Msichana wa mbele akauliza kina umri gani. Mwalimu akakiinamia, akanusa, akarudi nyuma hatua moja. "Karne nyingi," akasema.

Kogo akapenya katikati yao, akachomoa kifuniko, akaomba kikombe. Akawaeleza kwamba kibuyu husuguliwa ndani kwa sosiot, kisha hupakwa mkaa wa senetwet, ndiyo maana maziwa yana chembe za kijivu, na kwamba dawa hiyo ya vita ameitia yeye mwenyewe Jumatano baada ya kukamua. Akammiminia mwalimu kwanza, kwa heshima ya cheo. Mwalimu, jozi arobaini za macho zikimtazama, hakuwa na pa kukimbilia, akanywa. Wanafunzi wakapiga makofi, nao wakapanga foleni. Katika madaftari yao, nina hakika, dawa za vita bado zimo.

Mchana tukapelekwa kuona michoro ya miambani, duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe, ambayo husemekana ni kazi ya Watwa, wawindaji waliokaa huku kabla ya Wasuba. Kuna mahali pawili, Mawanga na Kwitone, na Mawanga ndiko ukoo wa Wagimbe ulikokuwa ukiombea mvua. Mwenyeji wetu alipofika kwenye habari ya mvua, Baba mdogo akatikisa kichwa kwa huruma. Sisi mvua hatuiombi, akasema, tunaiomba itupumzishe. Hatukufika hata nusu ya kushuka kabla haijatupiga, mvua ya matone makubwa ya vuguvugu. Ndipo koti, gamboti na blanketi vilipopata kazi yake, na Baba mdogo akatembea amenyooka kama bwana harusi, huku mwenyeji wetu mwenye fulana akitetemeka nyuma yake. Mama mdogo akampa blanketi.

Kogo alikula ngege wawili Mbita na akalala hadi Kericho.

Aliyeambukizwa kiherehere ni Baba mdogo. Kabla ya reli kufika Eldoret mwaka 1924, mizigo ya Uasin Gishu iliteremshwa stesheni ya Londiani na kukokotwa na magari ya maksai matopeni, na yeye ana pete ya chuma ya gurudumu moja, ambayo Mama mdogo huapa kwamba ilitoka kwenye kinu cha posho kilichokufa. Jumatatu akaisimamisha stoo, akapanga taa ya chemli, pasi ya makaa na redio ya betri sita, akaandika ubao mlangoni: kiingilio shilingi hamsini, watoto ishirini. Mgeni wa kwanza alikuwa Mama mdogo, aliyekuja kuchukua karai lake la kufulia. Akaambiwa karai ni mali ya historia, na kwamba hata hivyo hajalipa.

Jioni hiyo, katikati ya nchi ya majani chai, Baba mdogo alikunywa maji moto.