Mwalimu Yuko Wapi? Tuhesabu Kutoka Saba Hadi Moja

Kipindi cha kwanza kikipita bila mwalimu, mzazi wa Thika au Ruiru hana swali: "Walimu ni wavivu." Mimi nabisha. Shika kalamu tuhesabu sababu.

7. Barabara. Barabara kuu ya Thika ilizinduliwa na Rais Kibaki mwaka 2012, pana na ya kupendeza. Lakini mwalimu hasafiri kwa lami, husafiri kwa matatu. Matatu hungoja ijae, kengele haingoji mtu. Mvua ikinyesha asubuhi, nauli hupanda kabla mwalimu hajapanda.

6. Uzazi na ugonjwa. Hapa sina ugomvi na mtu. Makubaliano ya 2021 kati ya Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) na vyama vya walimu yaliipa likizo ya uzazi siku 120, na baba akapata 21. Ni haki, na nashangilia. Kasoro ni kwamba mara nyingi haletwi mtu wa kushika darasa. Mtoto mmoja amepata mama, arobaini wamekosa hisabati.

5. Masomo. Chuo Kikuu cha Mount Kenya kiko Thika, cha Kenyatta kiko Kahawa. Mwalimu anayejiendeleza naye ni mwanafunzi, na mtihani wake ukigongana na kipindi chake, mwanafunzi mmojawapo atakosa. Tusimlaumu kwa kusoma, tumpangie ratiba.

4. Mfuko. Hapa tukae kidogo. Sensa ya 2019 iliiweka Ruiru nafasi ya nne kati ya miji mikubwa ya Kenya, na mji ukijaa watu, kodi hupanda ghorofani. Katika posho ya nyumba ya TSC, Nairobi iko kundi la kwanza, Thika la pili, lenye posho ndogo kuliko la kwanza. Mwalimu mwenye mikopo ya sacco huweza kubakiwa na theluthi tu ya mshahara wa msingi, na theluthi hiyo mwenye nyumba anaisubiri mlangoni. Basi mwalimu hufuga kuku, hufungua kibanda, hununua bodaboda. Kuku hawajui ratiba ya shule: wakiugua Jumanne asubuhi, Sayansi ya Jumanne huugua nao.

3. Uchache. Karo ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2003, watoto walimiminika. Walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Bodi za shule huziba pengo kwa walimu wa malipo kidogo, yanayotegemea michango ya wazazi. Mchango ukichelewa, mwalimu naye huchelewa. Tulipe kwanza, ndipo tulalamike.

2. Shughuli rasmi. Semina, michezo, tamasha za muziki, mkutano wa walimu wakuu. Mwalimu wa hapa hakosi kwa siri, ana barua yenye muhuri. Muhuri haujawahi kufundisha kuzidisha na kugawanya.

(Migomo sijaihesabu. Ule wa 2015 ulichukua takriban wiki tano, lakini mwalimu aliyegoma anajulikana aliko: yuko barabarani na tawi la mti mkononi.)

1. Yupo shuleni, hayupo darasani. Huyu ndiye bingwa. Utafiti wa Benki ya Dunia wa 2012 ulionyesha kwamba kati ya walimu 100 wa shule za umma nchini, 55 tu ndio waliokuwa darasani wakifundisha. Na wengi wa waliobaki walikuwa wamefika shuleni! Walipanda matatu, wakatia sahihi, wakaingia langoni, na safari ikaishia kwenye majilisi. Pale kuna rundo la madaftari ya kusahihisha, fomu za TPAD za kutathmini kazi ya mwalimu, zilizoanza 2016, mzazi aliyekuja bila miadi, na chai. Kilomita ishirini amezishinda, hatua ishirini za mwisho zimemshinda.

Habari njema ni kwamba dawa ya sababu hii haihitaji bajeti ya Nairobi. Inahitaji mwalimu mkuu anayepita varandani kila kipindi, na orodha ya nani anashika darasa la nani mwenzake akikosa. Barabara na mshahara tuendelee kuvidai, lakini hatua ishirini zinawezekana kesho.

Kwa hiyo mzazi wa Kihunguro, na wewe wa Makongeni, mkutano wa wazazi ukiitishwa usiulize tu nani hakuja shuleni. Uliza nani aliingia darasani.