Sifa za Mpangaji wa Darini

Mkoa wa Katavi haukosi wanyama wenye wapambe. Wageni hulipa kiingilio ili wawaone viboko wakibanana kwenye tope la mto Katuma wakati wa kiangazi, na hifadhi yao imepewa hadhi ya taifa tangu 1974. Popo wa Nsemulwa, mjini Mpanda, hana mpambe. Kumwona hakuhitaji gari wala mwongozaji. Simama tu nje ya nyumba ya matofali ya kuchoma iliyoezekwa bati, saa moja jioni, jua likizama, utamwona anadondoka kutoka chini ya bati, anakunjua mbawa kabla hajafika usawa wa dirisha, kisha anafuatwa na mwenzake, na mwenzake, mpaka hesabu inakupotea. Mwenye nyumba humwimbia wimbo wa matusi. Kwa kuwa viboko wamekwisha kusifiwa vya kutosha, na tembo nao, naomba nafasi hii nimsifu mnyama huyu mwenye uzito wa gramu chache, anayenuka, anayechafua dari, na ambaye kwa maoni yangu ndiye mpangaji mwenye nidhamu kuliko wote waliowahi kuishi mjini Mpanda.

Tuanze na tabia zake za nyumbani. Panya akiingia darini hutafuna nyaya za umeme, hushuka jikoni usiku, hutoboa gunia la mahindi na kuzaa watoto wengi kwa mkupuo. Popo hatafuni mbao wala waya, hana habari na unga wako, na jike huzaa mtoto mmoja kwa uzazi. Anavumilia hali ambayo mpangaji wa kibinadamu angeipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa siku hiyo hiyo: chini ya bati, jua la mchana linaweza kupandisha joto kupita nyuzi 40, naye amelala humo bila kulalamika. Kodi hulipa kwa kazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alilishika usiku wa kwanza. Popo wadogo wa darini wanakula wadudu, na kwa usiku mmoja popo aweza kumeza wadudu wanaokaribia nusu ya uzito wake, zaidi ya hapo akiwa ananyonyesha. Watafiti waliochunguza vinasaba kwenye kinyesi cha popo wa aina hii nchini Eswatini, karibu na mashamba ya miwa, walikuta mabaki ya nondo na wadudu wengine wengi. Madagaska nako wamekuta wadudu wanaoshambulia mpunga kwenye kinyesi cha popo wanaowinda juu ya majaruba. Mkulima wa Katavi anayelima mahindi na mpunga hahitaji kufafanuliwa maana yake. Viwavijeshi vamizi, waliobainika nchini mwaka 2017, huanza maisha kama mayai ya nondo arukaye usiku, na usiku ndio zamu ya popo. Simtii chumvi: hakuna dari itakayomaliza viwavijeshi. Lakini Marekani, ambako ugonjwa wa kuvu umewaua popo kwa mamilioni, mchumi Eyal Frank alionyesha mwaka 2024 kwamba katika wilaya zilizopoteza popo wakulima waliongeza viuadudu kwa asilimia 31, na vifo vya watoto wachanga navyo vikapanda. Ukimfukuza kibarua wa bure, duka la pembejeo litakuuzia mbadala wake.

Hata hivyo sifa yake kubwa kwangu si shamba. Ni ukaguzi wa majengo. Nyumba nyingi za mjini hujengwa kwa awamu: msingi mwaka huu, kuta mwakani, kenchi na bati pesa ya mavuno ikipatikana. Fundi akipiga bati juu ya ukuta, migongo ya bati huacha matundu mfululizo kati yake na tofali la mwisho, kila tundu likitosha kidole au zaidi. Fishabodi ikipigwa huyaficha matundu hayo yasionekane kutoka barabarani. Kuyaziba ni kazi nyingine, na kazi hiyo kwa kawaida haimo kwenye makubaliano. Kofia ya bati nayo huachwa wazi kwenye ncha. Dari ya jipsamu inafungwa, rangi inapakwa, watu wanahamia, na hakuna mtu duniani anayejua kwamba nyumba ile ina milango arobaini. Popo anajua. Hahitaji zaidi ya upenyo wa kidole gumba, na akishaupata huacha alama: mstari wa weusi wenye mafuta pale anapojisugua akiingia, na chini yake vidonge vidogo vyeusi ukutani. Ponda kimoja kwa kijiti juu ya karatasi. Cha panya ni kigumu, cha popo husagika kuwa unga wenye chembe zinazometameta, ambazo ni vipande vya mbawa za wadudu. Hiyo ndiyo ripoti ya ukaguzi. Inasema mahali penye upenyo ni wapi, na mahali hapo hapo ndipo panapopita vumbi la kiangazi, mbu, na panya atakayekuja baadaye bila adabu za popo.

Hapa najua nitapingwa, na pingamizi la kwanza ni zito: magonjwa. Mkoa wa Kagera ulipata Marburg mwaka 2023 na tena 2025, na kila mtu alisikia popo akitajwa. Ni kweli, ila popo aliyetajwa ni mwingine. Virusi vya Marburg hubebwa na popo mla matunda anayeishi mapangoni na migodini, si huyu mla wadudu wa chini ya bati. Wala sisemi kwamba huyu wetu ni msafi. Mwaka 2018 wanasayansi walitangaza kwamba popo wa majumbani wa jamii hii nchini Sierra Leone wana kirusi cha Bombali, ndugu yake Ebola, na baadaye kikapatikana Kenya pia; hakijaonekana kumsababishia mtu yeyote ugonjwa. Mtalii kutoka Uholanzi alikwaruzwa na popo huko Tsavo Magharibi, Kenya, mwaka 2007, akafa kwa kirusi cha jamii ya kichaa cha mbwa. Na kinyesi kikavu, kikirundikana, kinaweza kuotesha kuvu linaloingia mapafuni. Kwa hiyo namsifu kwa mbali: asishikwe kwa mkono mtupu, anayeng'atwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15 kisha aende kituo cha afya, na dari isifagiliwe ikiwa kavu bali ilowanishwe kwanza, mfagiaji akiwa amevaa barakoa na glovu. Lakini hoja ya magonjwa, ikifuatwa hadi mwisho, haimfikishi mtu kwenye sumu. Wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, walipougua Marburg mwaka 2007, maelfu ya popo wa mgodi ule yaliangamizwa. Popo walirudi. Mwaka 2012 Marburg ilizuka tena si mbali na hapo, na watafiti walipopima waligundua asilimia 13.3 ya popo wameambukizwa, ilhali kabla ya mauaji walikuwa asilimia 5.1. Inadhaniwa kwamba wageni waliojaza nafasi ya waliokufa walikuwa wengi wasio na kinga.

Darini hesabu ni ile ile kwa kipimo kidogo. Ukipuliza sumu, wanaokufa wanabaki kwenye jipsamu wakioza, wanaozidiwa wanadondokea chumbani ambako watoto huwaokota, na tundu limebaki wazi kwa wajao. Moshi wa pilipili au tairi humtoa yule anayeweza kuruka na kumwacha mtoto asiyeweza. Utaratibu unaofanya kazi ni kumpa notisi kama mpangaji mwingine yeyote. Kwanza keti nje jioni mbili tatu, mtu mmoja kila upande wa nyumba, mtazame wanatokea wapi. Ziba matundu yote isipokuwa yale wanayoyatumia sana. Juu ya hayo ning'iniza wavu laini, uliofungwa juu na pembeni, ukianguka huru kwa chini kama nusu mita: anayetoka huteleza chini na kwenda zake, anayerudi hutua pale alipozoea na kukuta ukuta. Acha wiki nzima. Jioni isipotoka hata mmoja, ondoa wavu na uzibe kwa simenti au waya wa matundu madogo. Msimu nao una maana, na Mpanda umejipanga wenyewe: mvua huanza Novemba na kumalizika Aprili, na hicho ndicho kipindi ambacho watoto wengi huzaliwa. Kazi ifanywe kati ya Juni na Septemba, watoto wakiwa wamejua kuruka na fundi akiwa hana hofu ya kuteleza kwenye bati lililolowa.

Pingamizi la pili linatoka kwa jirani: akitoka kwako atakwenda wapi kama si kwangu? Jirani ana haki kabisa. Popo hajazaliwa na bati. Wenzake walikaa kwenye mapango na nyufa za miti ya miombo, na miti hiyo sisi tumeigeuza mkaa na kuni za kukaushia tumbaku. Aliyeanza kumfukuza mwenzake si popo. Kwa hiyo kuziba nyumba moja huku kumi zikibaki wazi ni kumhamisha tu mtaa kwa mtaa, na mti mkuukuu wenye uwazi ukiachwa pembezoni mwa shamba utasaidia kuliko matangazo ya dawa. Kuhusu wanaosema popo ametumwa, sina la kubishana nao, maana hofu ya zimwi liitwalo Popobawa iliyoikumba Pemba na Unguja mwaka 1995 iliwafanya watu wazima walale nje usiku kucha. Naomba tu wakumbuke kwamba aliyetumwa hupita mlango mmoja, na huyu amepewa arobaini.

Milango hiyo ina mwenyewe. Siku fundi anapiga bati, mita chache za waya na nusu mfuko wa simenti zinatosha. Miaka mitano baadaye hadithi ni ya kubomoa dari, kununua jipsamu mpya na kupaka rangi upya. Mwenye nyumba apande ngazi akaangalie mwisho wa kila mgongo wa bati kabla hajamlipa fundi sehemu ya mwisho ya pesa yake. Asipopanda, popo atamfanyia ukaguzi huo bila malipo, ila ripoti yake husomwa kwa pua.